Katauti: Beki aliyezaliwa Bujumbura na kuishi kwa kuvuka mipaka

GITAZA

Jua linapoanza kuteremka upande wa milima ya Kongo, ufuko wa Gitaza huwa na shughuli mbili. Huku akina mama wanakusanya ndagala walioanikwa tangu asubuhi. Kule vijana wanacheza mpira kandokando ya maji, magoli yao mawe mawili kila upande. Magari ya abiria yanayotoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa Barabara ya Taifa namba 3 hupunguza mwendo hapa, na mfanyabiashara mwenye madumu yake ya mawese hupata dakika chache za kutazama.

Mpira ukiingia golini, anayebebwa juu ni aliyefunga. Yule anayebaki nyuma huokoa hatari mara kumi na hakuna anayehesabu, lakini akikosea mara moja, jioni nzima anasemwa yeye.

Hamad Ndikumana, aliyejulikana zaidi kwa jina la Katauti, aliishi kwa kazi hiyo ya nyuma. Alizaliwa Oktoba 1978 Bujumbura, mji ambao kutoka Gitaza ni mwendo wa chini ya saa moja, ikiwa barabara haijakatwa na maporomoko kama yale ya Machi 2015. Alifariki Novemba 2017 mjini Kigali, akiwa na miaka 39. Katikati ya miji hiyo miwili, ambayo basi huiunganisha kwa siku moja mpaka unapokuwa wazi, alizunguka Rwanda, Ubelgiji na Cyprus akitafuta riziki kwa miguu yake.

Hakuwahi kuwa nyota wa dunia. Hakuvaa jezi ya klabu ambayo watoto wa Gitaza wanaichora ukutani. Alikuwa mtu wa kazi: mkataba ukiisha hapa, anaanza pale. Wafanyabiashara wa ziwa hili wanaelewa maisha ya namna hiyo kuliko wengi.

Samaki mmoja, majina mawili

Kwenye maji ya Tanganyika kila mchuuzi anajua jambo moja. Ndagala wa Gitaza akifika Kigoma anaitwa dagaa. Mukeke akivuka anaitwa mgebuka. Samaki ni yuleyule, ladha ni ileile, lakini kwenye karatasi ya forodha amekuwa bidhaa ya nchi nyingine.

Wachezaji wengi wa kizazi cha Katauti walipita njia hiyo. Baada ya mwaka 1994, familia nyingi za Wanyarwanda zilizokuwa zimeishi uhamishoni Burundi, Uganda, Tanzania na Zaire ya wakati ule zilirudi nyumbani, na pamoja nazo vijana waliojifunza mpira kwenye viwanja vya majirani. Burundi nayo ilikuwa kwenye vita tangu 1993, na kijana mwenye kipaji aliangalia upande wowote wenye ligi inayochezwa na mshahara unaolipwa.

Katauti aliyezaliwa Bujumbura akaonekana Rayon Sports ya Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1990. Ulikuwa wakati mzuri kwa klabu hiyo: mwaka 1998 ilikwenda Zanzibar na kurudi na ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati. Jezi ya taifa aliyoivaa ilikuwa ya Amavubi ya Rwanda, si ya Intamba mu Rugamba ya Burundi.

Moja kwa sifuri

Mwaka 2003 Rwanda ilifanya jambo ambalo halikutarajiwa. Juni ilikwenda Kampala na kuifunga Uganda 1-0, katika mechi iliyosimamishwa kwa fujo na damu uwanjani. Mwezi uliofuata ikaifunga Ghana 1-0 mjini Kigali. Mabao yote mawili yalifungwa na Jimmy Gatete, na jina lake likaimbwa kuanzia Nyamirambo hadi mpaka wa Gatuna. Amavubi wakafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Lakini bao moja ni nusu tu ya hesabu ya 1-0. Nusu nyingine ni ile sifuri, na sifuri ni kazi ya mabeki na kipa. Mfanyabiashara anaijua hesabu hii: faida husimuliwa barazani, ila mali iliyofika bila kuharibika njiani haina msimulizi.

Januari 2004 Katauti alikuwa kwenye kikosi kilichokwenda Tunisia chini ya kocha Ratomir Dujković. Rwanda ilifungwa 2-1 na wenyeji, ikatoka sare ya 1-1 na Guinea, kisha ikaifunga Kongo 1-0. Pointi nne hazikutosha kuvuka kundi, lakini hadi leo Wanyarwanda huihesabu miaka ya mpira wao kuanzia hapo. Baadaye Katauti alikuja kuwa nahodha wa timu hiyo.

Ulaya ya klabu za kati

Huko Ubelgiji alipita Turnhout, Mechelen na Gent. Anayesikia neno Ulaya hufikiria viwanja vya televisheni. Maisha ya beki wa daraja la kati ni mengine. Mechelen ilikuwa klabu yenye historia, bingwa wa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1988. Hata hivyo madeni yaliiangusha, na mwaka 2003 ilishushwa hadi daraja la tatu. Mchezaji anayetegemea mshahara wa mwezi hujifunza hapo kwamba hata duka kubwa lenye jina linaweza kufunga milango.

Kutoka Ubelgiji aliteremka kusini hadi kisiwa cha Cyprus, ambako alizunguka zaidi: Nea Salamina, Anorthosis, Omonia, APOP na AEL Limassol ni miongoni mwa klabu zilizomtumia. Kisiwa hicho kina habari ambayo watu wa ukanda huu wangeielewa bila kufafanuliwa. Anorthosis na Nea Salamina ni klabu za mji wa Famagusta, lakini hazichezi Famagusta. Tangu vita vya 1974 vilivyokigawa kisiwa, mji huo umebaki upande wa pili wa mstari, na klabu zote mbili zimeishi uhamishoni Larnaca. Uwanja wa Nea Salamina unaitwa Ammochostos, jina la Kigiriki la mji uleule walioupoteza. Mtoto wa Bujumbura aliyekuwa nahodha wa Rwanda akacheza mbele ya mashabiki waliokuwa wakimbizi katika nchi yao wenyewe.

Hata fedha zilibadilika katika nchi alizopita. Ubelgiji iliacha faranga yake mwaka 2002 na kuchukua euro. Cyprus iliacha paundi yake Januari 2008. Anayebadilisha faranga za Burundi kwa shilingi pale mpakani anajua maana ya kupanga maisha huku thamani ya alichonacho ikibadilika mkononi.

Mwaka 2009 alifunga ndoa na mwigizaji maarufu wa Tanzania, Irene Uwoya. Kwa Watanzania wengi, hapo ndipo jina lake lilipoanza kujulikana. Miaka kumi ya kukaba washambuliaji ilikuwa haijatosha.

Mwishoni alirudi ukanda huu, akaingia kwenye ukocha. Mwaka 2017 alikuwa kocha msaidizi wa Rayon Sports, klabu ileile ya ujana wake, akimsaidia Olivier Karekezi aliyekuwa mwenzake Amavubi. Kifo kilimkuta kazini hapo, msimu ukiendelea.

Njia iliyofungwa

Njia aliyopita Katauti leo ina vizuizi ambavyo yeye hakukutana navyo. Mwaka 2014 Rwanda ilitolewa katika safari ya kwenda Kombe la Mataifa ya 2015, ingawa ilikuwa imeshaitoa Kongo Brazzaville kwa penalti. Kosa lilikuwa la makaratasi: mshambuliaji wake aliyeitwa Daddy Birori alikuwa akicheza AS Vita ya Kinshasa kwa jina la Etekiama Agiti Taddy, na tarehe nyingine ya kuzaliwa. Samaki mmoja, majina mawili. Ila safari hii forodha ilifungua mzigo.

Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikafuata 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja imeahidi tangu 2010 kwamba mfanyakazi atavuka kutafuta kazi. Uwanjani, ahadi hiyo bado haijafika. Mrundi anayesajiliwa Dar es Salaam huhesabiwa kwenye idadi ya wageni sawa na anayetoka Brazil. Na mpaka wa Burundi na Rwanda, uliofunguliwa 2022 baada ya miaka saba migumu, ulifungwa tena Januari 2024. Barabara ya Bujumbura hadi Kigali ndiyo iliyomfanya Katauti kuwa Katauti.

Wapo waliopata njia nyingine. Karim Nizigiyimana, beki wa Burundi anayeitwa Makenzi, amecheza Rwanda, Kongo na Kenya. Alikuwa Gor Mahia mwaka 2015, klabu hiyo ilipomaliza ligi bila kupoteza mchezo, na alikuwa na Burundi ilipofika Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza, 2019 nchini Misri. Nchi hizo tatu alizofanyia kazi zote leo ziko ndani ya Jumuiya.

Kwa kijana anayebaki nyuma kwenye ufuko wa Gitaza, mambo ya kuandaa kabla ya safari hayatofautiani na ya mchuuzi anayepanda boti: jina moja kwenye kila hati, tarehe moja ya kuzaliwa, pasipoti ya Jumuiya, na nakala ya mkataba aliyoisoma mwenyewe kabla ya kutia saini. Mguu mzuri wa kukaba anao tayari. Giza likiingia, mawe ya goli hubaki palepale ufukweni, na gari la mwisho la kwenda Rumonge huondoka na madumu juu ya paa.