Maji ya Mlimani na Haki ya Jirani wa Chini

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa milima na Mteremshaji wa mvua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika Suratul Baqara, aya ya 264, Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa jabali lenye udongo kidogo juu yake, likapigwa na mvua kubwa, likabaki tupu. Aya inayofuata ikaleta mfano wa bustani iliyo mahali palipoinuka. Nayo ilipopata mvua kubwa ikazaa maradufu. Mifano hii imekuja kutufundisha tofauti ya sadaka ya ria na sadaka ya ikhlasi. Hata hivyo, mtu aliyezaliwa milimani anajua vyema picha hizi zimetoka wapi. Ameona miteremko miwili inayotazamana, mvua ikanyesha usiku mmoja, na asubuhi mmoja ukabakiwa na mwamba na mwingine ukabakiwa na shamba.

Leo tumeona ni vyema tuzungumze juu ya mteremko wenyewe, kwani watu wengi hivi sasa wanakata vilima ili wapate viwanja vya kujengea, na madhara yake tunayashuhudia kila masika.

Ugomvi wa majirani wawili

Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa katika kijiji kimoja cha Milima ya Usambara, wilayani Lushoto, tusuluhishe ugomvi wa majirani. Jirani wa juu, kijana mwenye familia, alikuwa ameukata mlima ili apate mahali pa kujenga nyumba ya vyumba vinne. Udongo alioutoa aliumwaga ukingoni, upande wa bondeni, akausawazisha kwa jembe na kupanda migomba mitatu juu yake. Masika yalipoingia, udongo ule wote ulishuka usiku mmoja. Jirani wa chini, mama mjane mtu mzima, alipoamka kwa ajili ya Alfajiri alikuta tope limejaa jikoni hadi juu ya mafiga, na shamba lake la maharage halionekani tena.

Yule kijana akajitetea: "Sheikh, mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Mimi sikuileta."

Tukamjibu: "Umesema kweli, mwanangu, mvua si yako. Lakini mlima umeukata wewe, na udongo umeumwaga wewe."

Kijana akakubali kumlipa mama, na akaahidi kuchimba mfereji. Tulipomwomba atuonyeshe mfereji huo utapita wapi, kumbe ulielekea shambani kwa jirani mwingine wa upande wa kushoto. Hapo tukamkumbusha kanuni inayojulikana kwa mafakihi, kwamba madhara ni lazima yaondolewe, lakini hayaondolewi kwa kuleta madhara mengine mfano wake.

Kikao kilipokaribia kufungwa kwa Fatiha, yule mama aliuliza kwa adabu: "Samahani, Sheikh. Na maji ya msikiti je?"

Tukanyamaza. Kisha tukatoka naye kwenda kutazama. Msikiti ule umejengwa juu zaidi ya nyumba zote mbili, na paa lake halikuwa na mfereji wa bati hata mmoja wa kukingia maji. Chini ya ukingo wa paa palikuwa na mtaro uliochimbwa na matone, na mtaro huo ulishuka moja kwa moja hadi kwenye kiwanja cha yule kijana, na kutoka hapo hadi kwa mama. Sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waliohimiza michango ya bati za paa lile. Maji yake yaende wapi, halikuwa jambo tulilolifikiri.

Hesabu ya maji

Ndugu msomaji, hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huwa ni lita moja ya maji. Paa la msikiti ule lina mita 12 kwa 15, yaani mita za mraba 180. Usiku wa mvua ya milimita 60, ambayo si ajabu milimani, paa hilo peke yake humwaga lita 10,800, uzito wa karibu tani 11. Kabla ya kujengwa, maji hayo yangeangukia majani na mizizi, mengine yakazama ardhini na mengine yakatembea polepole. Baada ya kujengwa, yote huteremka kwa pamoja katika mstari mmoja.

Aidha, maji yanapokwenda kwa kasi maradufu, nguvu ya mwendo wake huwa mara nne. Ndiyo maana mtaro mdogo wa leo huwa korongo la mwakani. Elimu yote ya kuhifadhi mteremko inarejea katika mambo matatu: kuyapunguzia maji kasi, kuyagawanya yasikusanyike pamoja, na kuyaonyesha njia salama ya kupita. Njia ikizibwa, maji hujikusanya mpaka yapate nguvu ya kuvunja. Mnamo tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu nchini Kenya, zaidi ya watu 40 walifariki dunia usiku baada ya maji kufurika kwa ghafla. Wizara ya maji ilieleza kuwa njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imeziba, maji yakajaa nyuma ya tuta hadi likaachia. Tuta lililoziba bonde limekwisha kuwa bwawa, hata kama halikujengwa kwa nia hiyo.

Kuukata mlima kwa elimu

Uislamu haumkatazi mtu kujenga katika milki yake. Kinachotakiwa ni kujenga kwa namna ambayo haitamdhuru yeye wala jirani yake. Kwa mujibu wa wenye ujuzi wa kazi hii, yafuatayo ni ya lazima.

Kwanza, udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, utolewe na kuwekwa kando kabla ya kukata mlima. Tabaka hilo ni jembamba, na kujirejesha kwake huchukua mamia ya miaka. Kazi ikiisha, lirudishwe juu ili majani yaote upesi.

Pili, mtu atofautishe baina ya ardhi iliyokatwa na ardhi iliyojazwa. Ardhi iliyokatwa ni ngumu, imetulia tangu zama. Iliyojazwa ni udongo uliolegea. Nyumba iliyokaa nusu juu ya hii na nusu juu ya ile hupasuka ukuta, kwa sababu upande mmoja hudidimia na wa pili hubaki. Mwenye uwezo mdogo na aikalishe nyumba yake yote upande uliokatwa. Akilazimika kujaza, asimwage udongo juu ya majani. Majani huoza na kuwa utelezi. Aondoe majani kwanza, achonge ngazi katika mteremko, kisha ajaze kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likishindiliwa kabla ya kuongeza jingine. Ukingo wa udongo uliojazwa usiwe mkali: kwa kila mita moja ya kwenda juu, ziwepo mita mbili za kwenda mbele.

Tatu, juu ya ukingo uliokatwa pachimbwe mfereji wa kukinga maji yatokayo mlimani, wenye mteremko mdogo, uishie kwenye bonde la asili au mahali penye mawe na majani, si kwenye shamba la mtu. Uwanja wa nyumba nao uinamie nje, maji yasisimame msingini.

Nne, ukuta wa kuzuia udongo uachiwe matundu ya kutolea maji, na nyuma yake pawekwe kokoto. Watu wengi hujenga ukuta mnene wakaona wamemaliza. Udongo uliolowa ni mzito kuliko mkavu, na maji yaliyofungiwa nyuma ya ukuta nayo huusukuma. Ukuta mwembamba wenye matundu unaweza kusalimika pale ambapo mnene usio na tundu umeanguka.

Tano, ardhi isiachwe uchi kuingia masika. Majani ya vetiva huteremsha mizizi hadi kiasi cha mita tatu, na yakipandwa kwa kubanana huwa ukuta ulio hai. Majani ya guatemala na majani ya tembo hushika kingo za matuta na kulisha ng'ombe pia. Mistari yake ifuate usawa wa mlima, na kifaa chake hakihitaji fedha: miti miwili iliyofungwa pamoja juu, mti wa kukingama katikati, na kamba yenye jiwe. Kamba ikilala kwenye alama ya katikati, miguu yote miwili ipo katika usawa mmoja.

Mafunzo ya waliotangulia

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mradi wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, Usambara, na baadaye ikalazimisha matuta kwa amri na adhabu. Katika Milima ya Uluguru watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 zikazuka vurugu huko Matombo. Si kwamba watu wale walipenda udongo wao uchukuliwe na maji. Kazi ilikuwa nzito, iliwaangukia zaidi kina mama, na huko Uluguru ngazi zilizochimbwa ziliufukia udongo mzuri na kuutoa juu ule usio na rutuba, mavuno yakapungua. Miradi ile ikaachwa kabla ya uhuru.

Huko Machakos, Kenya, wakulima waliendeleza kwa hiari matuta yanayoitwa fanya juu: mtu huchimba mfereji akautupa udongo upande wa juu, na kila msimu udongo unaoshuka hujaza nyuma ya tuta hadi mteremko wenyewe ukawa ngazi. Vikundi vya kina mama, viitwavyo mwethya, vilifanya kazi hiyo kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Fundisho liko wazi: maji hayajui mpaka wa shamba, kwa hiyo kazi ya kuyatuliza haikamiliki kwa mtu mmoja, wala haidumu kwa amri peke yake.

Haki ya aliye chini

Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Zubayr bin Awwam (R.A.) na mtu mmoja katika Ansari waligombania maji ya mfereji yaliyopita kwanza kwa Zubayr. Mtume (S.A.W.) akamwelekeza Zubayr anyweshe shamba lake kisha ayaachie yamfikie jirani. Wanazuoni wamechukua hapa kwamba aliye juu ana haki ya kutangulia, lakini haki yake ina kipimo. Sisi tunasema: ikiwa maji yenye manufaa, ambayo kila mtu anayataka, yamewekewa kipimo kwa ajili ya aliye chini, basi yale yenye madhara, ambayo hakuna anayeyataka, yanastahiki zaidi kuwekewa kipimo.

Tukirejea katika kijiji kile: waumini walichanga tena, safari hii kwa ajili ya mifereji ya bati na tangi. Maji ya paa sasa ni maji ya udhu, na yanayozidi hupita katika mfereji uliotandikwa mawe hadi bondeni. Yule kijana naye alichonga ngazi tatu chini ya nyumba yake na kupanda guatemala, na mfereji wake akauunganisha na ule wa msikiti. Mama alirudishiwa jiko. Maharage ya msimu ule hayakurudi, na alisamehe. Lakini msamaha wa aliyedhulumiwa si ruhusa ya kurudia.

Ndugu msomaji unayeishi juu ya wengine, mvua ijayo chukua mwavuli, utoke nje, uyafuate maji ya paa lako kwa miguu yako mpaka yanapotoka katika mpaka wako. Tazama yanaingia kwa nani. Kisha umuulize jirani huyo kabla hajakuuliza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie mvua yetu kuwa ya rehema, aithibitishe ardhi yetu, na atujaalie kuwa majirani wema. Amin.

Wabillahi Tawfiq.