Jembe la Tabora na Mirija ya Kinu cha Nyuklia

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua Tabora, kitovu cha biashara ya Unyamwezi. Pamoja na pembe za ndovu, nguo na shanga, bidhaa iliyothaminiwa sana ilikuwa jembe la chuma. Wahunzi wa Kirongo, kusini ya Ziwa Victoria, walifua majembe yaliyouzwa hadi Unyamwezi, ambako yalitumiwa kulimia, kubadilishana mali na kutolea mahari. Jembe likikatika mvua zinapoanza, mkulima huweza kukosa msimu. Hivyo swali la msingi kuhusu metali yoyote ni hili: ikilemewa, itapinda au itakatika?

Yafaa kutofautisha sifa mbili. Ugumu ni uwezo wa metali kukataa kubonyezwa au kukwaruzwa. Ustahimilivu ni uwezo wa kupokea kishindo bila kuvunjika. Mara nyingi sifa moja ikizidi, nyingine hupungua.

Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi, joto ambalo tanuru la udongo, lenye makaa ya miti na mivukuto, kwa kawaida halikulifikia. Uchafu wa mawe ndio ulioyeyuka na kuchuruzika. Chuma kikabaki bonge lenye matundu. Mhunzi alilichoma na kulifua tena na tena ili kuukamua uchafu uliosalia. Wakati huohuo makaa yaliingiza kaboni ndani ya chuma.

Atomi za metali hujipanga kwa safu, na metali hupinda kwa sababu safu hizo huweza kuteleza. Atomi za kaboni huuzuia utelezi huo. Chuma chenye kaboni chini ya asilimia 0.1 ni laini. Chenye asilimia 0.8 ni kigumu zaidi. Kikipita asilimia 2 huwa chuma cha kusubu, ambacho huvunjika kwa pigo.

Kanuni hiyo ya mgeni mdogo anayebadili tabia ya metali nzima hutawala pia vinu vya nyuklia. Humo fueli ya yurani hufungwa katika mirija ya aloi ya zirikoni, ambayo unene wa kuta zake haufiki milimita moja. Zirikoni ilichaguliwa kwa kuwa hunasa nyutroni chache. Huongezwa bati kidogo ili iwe imara. Lakini maji yenye joto la nyuzi 300 hivi huathiriana nayo: oksijeni hufanya utando juu ya mrija, na sehemu ya haidrojeni hupenya ndani. Mrija unapopoa, haidrojeni hiyo huungana na zirikoni na kufanya vibamba vyepesi kuvunjika, na ufa hupata njia. Kwa kuwa mrija huo ndio unaozuia vitu vyenye mnururisho visiingie majini, kiasi cha haidrojeni hiyo huwekewa mpaka.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani, chini ya uangalizi wa mwalimu na macho yakiwa yamekingwa. Sindano ya kushonea ipashwe moto hadi iwe nyekundu, kisha iachwe ipoe polepole: itapinda. Ipashwe tena na kutumbukizwa majini: atomi za kaboni zitanaswa zilipo, nayo itakatika. Metali ni ileile. Kilichobadilika ni mahali pa mgeni.