TUMBAKU YA KIKO: IPI ILIYO LAINI?



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya tumbaku, lakini si kwa namna mliyozoea, ya kuambiwa sigara ni mbaya halafu basi. Nitaanza na mzee mmoja aliyekuja kwetu idara ya wagonjwa wa nje akiwa na kifuko cha kitambaa. Baada ya kuamkiana alikifungua mezani pangu akatoa tumbaku za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya shambani kwake, majani ya rangi ya udongo mweusi yanayonuka moshi. Ya pili aliletewa na mkwewe kutoka Urambo, majani ya njano kama ndizi mbivu. Ya tatu ilikuwa ndani ya kopo zuri la bati, zawadi ya kijana wake aliyeko Ulaya, na ukifungua tu chumba kizima kinanukia vanila.

Akaniambia, "Mama, wewe umesoma. Nimezionja zote tatu, kila moja wiki nzima. Hii ya kwetu ni kali. Hii ya Urambo ni nyepesi lakini inababua ulimi. Hii ya kopo ni tamu kama biskuti. Sasa nataka kupunguza ubaya. Nibaki na ipi?"

Ni swali la mtu mwenye akili, na kwa miaka mingi ya kazi hii sikuwahi kuulizwa hivyo. Wengi huuliza, "Je, niache?" hali wakijua jibu. Yeye alikuwa amefanya utafiti wake mwenyewe. Kwa hiyo nami nilimjibu kwa kirefu, na ndivyo nitakavyofanya hapa.

Tofauti inatoka wapi

Mmea wa tumbaku ni mmoja, lakini ladha hutokana sana na jinsi jani linavyokaushwa. Sisi tunaokaa katika maeneo ya kilimo hiki tunazijua njia tatu. Iko tumbaku ya moshi, ile ya Songea na Namtumbo, inayolimwa huko tangu miaka ya 1930. Majani hutundikwa ndani ya bani na moto wa kuni huwashwa chini yake, hata jani likanywa moshi siku nyingi. Iko tumbaku ya mvuke ya Tabora na Urambo. Hiyo nayo hukaushwa kwa moto, ila moto huwa nje na joto hupita katika mabomba ya bati, moshi haugusi jani. Tena iko tumbaku ya hewa, ambayo hutundikwa kivulini tu kwa wiki kadhaa mpaka ikauke yenyewe. Wazungu aina yake moja huiita Burley.

Jani la mvuke hukauka haraka, kwa muda wa siku chache, kwa hiyo sukari yake hubaki ndani. Mara nyingi sukari hiyo huzidi sehemu moja katika kumi ya uzito wa jani. Jani la hewa hufa polepole, na wakati linakufa hula sukari yake lenyewe, mwisho haibaki. Ndiyo sababu tumbaku ya njano huwa na utamu fulani, na ile ya hewa huwa kavu na chungu kidogo, na hufyonza vizuri asali, vanila au chokoleti wanayoinyunyizia viwandani.

Ulaya na Marekani wako watu wanaozionja tumbaku za kiko kama wengine wanavyoonja divai. Wanachanganya ya njano, ambayo wao huiita Virginia, na Burley, halafu huongeza viungo. Kimoja ni Latakia, jina la mji wa bandari wa Syria, na baadaye ikatengenezwa pia Cyprus. Hiyo hukaushwa kwa moshi wa kuni na vichaka vyenye harufu. Kingine ni Perique ya Louisiana, Marekani, ambayo hushindiliwa ndani ya mapipa na kuachwa ichache kwa mwaka mzima au zaidi. Nilipomweleza mzee habari ya Latakia alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe wanalipa fedha nyingi kununua harufu ya bani langu!" Kwa kweli hakukosea sana.

Kwa nini ile "kali" haihitaji kumezwa

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize vizuri, kwa maana watu wengi wamedanganyika. Mvutaji wa kiko husema, "Mimi simezi moshi, nauzungusha mdomoni tu na kuutoa, basi sina hatari."

Kina mama wote wanajua magadi. Ukitia magadi kwenye maharage, maharage huiva upesi. Wazee wanaosaga ugoro nao hutia magadi, na ukiwauliza sababu watakwambia ugoro bila magadi haupandi kichwani. Ni kweli kabisa. Nikotini, ile sumu ya tumbaku inayomfanya mtu aitamani tena, ikiwa katika hali ya uchachu haipiti kwa urahisi kwenye ngozi laini ya kinywa. Ikiwa katika hali ya magadi, hupita mara moja na kuingia katika damu.

Sasa moshi wa tumbaku ya njano yenye sukari una uchachu. Ndiyo maana mvuta sigara hulazimika kuumeza hadi mapafuni ili apate kile anachokitafuta. Moshi wa tumbaku nyeusi na ya hewa huelekea upande wa magadi, kwa hiyo unaushika mdomoni tu na nikotini imekwisha kuingia. Mvutaji wa kiko hamezi moshi kwa sababu hana haja ya kuumeza. Kinywa chake kinafanya kazi ambayo kwa mvuta sigara hufanywa na mapafu. Na kinywa hicho hicho ndicho kinachopata madhara: mdomo wa chini, ulimi, kaakaa, koo na koromeo la chakula.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1964 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti yake mashuhuri juu ya uvutaji, na humo ilitajwa wazi kwamba kuvuta kiko kunasababisha saratani ya mdomo. Mapafu nayo hayasalimiki. Ni kweli hatari ya mvuta kiko asiyemeza ni ndogo kuliko ya mvuta sigara, lakini ni kubwa kuliko ya mtu asiyevuta kabisa. Tena aliyewahi kuvuta sigara kisha akahamia kwenye kiko, aghalabu huendelea kumeza moshi kwa mazoea bila kujitambua.

Turudi kwa zile tatu za mzee. Ile ya shambani kwake ni kali kwa nikotini, na juu ya hapo imelishwa moshi wa kuni, wenye masizi yanayoleta saratani hata kabla hajaiwasha. Ile ya Urambo ni nyepesi ulimini, lakini alipoivuta hakuridhika, akawa anavuta harakaharaka, kiko kikapata moto mno na kumbabua ulimi. Aliniambia mwenyewe kwamba wiki ile alijaza kiko mara nyingi zaidi. Mwili hudai kiasi chake ulichozoea. Ukiupa tumbaku nyepesi, utavuta zaidi mpaka hesabu itimie. Sigara zilizoandikwa kuwa ni laini ziliwadanganya watu kwa njia hiyo hiyo, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku maneno hayo kwenye pakiti tangu mwaka 2003.

Na ile ya kopo? Vanila ni ya pua. Inawafurahisha walioketi karibu kuliko mvutaji mwenyewe, na hiyo naiona ndiyo hatari yake kubwa, maana nyumbani hakuna atakayemwambia babu atoke nje. Wajukuu wanamzunguka wakivuta hewa ile ile. Jani lolote likiungua, liwe la shilingi mia au la kopo la Ulaya, hutoa lami na hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Hiyo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi ya oksijeni. Kwa mama mjamzito maana yake ni kwamba mtoto tumboni anapunguziwa hewa.

Vijana wa mjini nao wana shisha yao ya tufaha na mnanaa. Maji yanapoza moshi, hayaondoi sumu. Sitaisema zaidi leo.

Kidonda

Nilipokuwa nazungumza na mzee niliona kitu kwenye mdomo wake wa chini, upande wa kushoto, mahali hasa anapoegemeza kiko. Kilikuwa kidonda kidogo kama punje ya mahindi, kingo zake ngumu. Nikamwuliza kina muda gani. Akasema, "Lakini mama, wewe si ndiye uliyenipaka dawa?"

Nililitafuta daftari lake. Ilikuwa kweli. Miezi miwili nyuma, siku ya foleni ndefu, nilimpaka GV na kumwambia ale matunda. Sikumwuliza kama anavuta. Baada yangu alikwenda zahanati moja akapewa mafuta ya kupaka, nao pia hawakumwuliza. Kidonda hakikumwuma, kwa hiyo hakikumsumbua, na alikuja siku ile kwa ajili ya swali lake la tumbaku tu. Nayaandika haya kwa sababu wauguzi wenzangu pia husoma ukurasa huu.

Daktari alimkata kinyama kidogo kikapelekwa maabara, na jibu likarudi kuwa ni saratani. Kwa bahati ilikuwa bado ndogo, haijafika kwenye tezi za shingo. Alipasuliwa, mdomo wake sasa umevutika kidogo upande mmoja, anakula na kuongea vizuri. Wengine huja wakiwa wamechelewa, na hao tunawapeleka Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando kwa matibabu ya mionzi, safari ambayo ukoo mzima huichangia.

Kuacha kulimpa taabu. Siku za kwanza hakulala, alikuwa mkali kwa mkewe, na kiko kilitamaniwa zaidi baada ya chakula. Ndivyo ilivyo kwa wengi: wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, halafu hali hupungua mwezi unapokwisha. Alinieleza kwamba ladha ya chumvi na harufu ya mvua ilimrudia, vitu alivyokuwa amevisahau. Wengine huniuliza kama kuvuta ni dhambi. Hilo wamwulize padre, ila Katekisimu, namba 2290, inaitaja tumbaku pamoja na pombe na chakula pale inapotuonya tusizidishe, na Papa Fransisko alisimamisha uuzaji wa sigara Vatikani kuanzia mwaka 2018.

Najua pia wengi wenu mnailima na ndiyo iliyolipa ada za watoto wenu. Siwezi kuwahukumu. Ila msichume majani yakiwa na umande mkiwa mikono mitupu. Nikotini hupenya ngozini, na kile kichefuchefu na kizunguzungu cha jioni ni sumu hiyo. Vaeni mikono mirefu, ogeni mkirudi, na watoto wasichume.

Jinsi ya kujikagua kinywa

Anayevuta kiko, anayenusa au kuweka ugoro mdomoni, na aliyeacha pia, ajikague mara moja kwa mwezi. Simama mlangoni penye mwanga wa jua na kioo. Kama una meno ya bandia, yatoe. Pindua mdomo wa chini, kisha wa juu. Vuta shavu kila upande. Toa ulimi, utazame pande zake, halafu uinue uangalie chini yake, maana huko ndiko watu wasikoangalia kamwe. Inamisha kichwa nyuma utazame kaakaa. Kwa mvuta kiko kaakaa huweza kuwa jeupe lenye vidoa vyekundu. Pitisha kidole kilichonawishwa kutafuta uvimbe, kisha papasa shingo chini ya taya.

Doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe mgumu, au kidonda ambacho hakijapona kwa wiki 3, hata kama hakiumi, ni cha kupeleka hospitali. Ukifika, usingoje kuulizwa. Sema unavuta nini, tangu lini, na kiko unakiegemeza upande gani.