Seli za CD4, Kifua Kikuu na Matende: Matunda ya Utafiti wa Mbeya

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–2017 ulionesha kuwa maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima yalifikia asilimia 11.3 mkoani Iringa na asilimia 9.3 mkoani Mbeya, ilhali kiwango cha taifa kilikuwa karibu asilimia 5. Penye VVU kwa wingi, kifua kikuu nacho hakikosekani. Jambo lililowatatiza wataalamu ni hili: kifua kikuu humpata mwenye VVU mapema, hata kabla seli zake za kinga hazijapungua sana. Uchunguzi wa wachimbaji dhahabu wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2005, ulibainisha kuwa hatari hiyo huongezeka maradufu ndani ya mwaka wa kwanza wa maambukizi. Sehemu kubwa ya jibu ilipatikana Mbeya.

Askari wanaotangulia kuanguka

Seli za CD4 ni seli nyeupe za damu zinazoratibu ulinzi wa mwili. Tunapozihesabu hospitalini tunapata idadi moja tu, lakini seli hizo hazifanani. Zipo zilizozoea kuitambua bakteria ya kifua kikuu, na zipo zinazotambua virusi fulani.

Katika kituo cha utafiti cha NIMR Mbeya, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani, zilihifadhiwa sampuli za damu za watu waliojitolea kufuatiliwa kwa miaka kadhaa. Baadhi yao waliambukizwa VVU katika kipindi hicho, hivyo ikawezekana kulinganisha damu ya kabla na ya baada. Mwaka 2008 mtaalamu wa sayansi ya kinga ya mwili, Christof Geldmacher, na wenzake walionesha kuwa seli zinazotambua kifua kikuu hutoweka mapema baada ya maambukizi.

Mwaka 2010 walieleza sababu. Ili kuingia katika seli, VVU huhitaji mlango uitwao CCR5. Seli zinazotambua virusi vya saitomegalo hutoa kwa wingi protini inayouziba mlango huo, hivyo hujikinga. Seli za kifua kikuu hutoa protini hiyo kidogo mno; mlango wake hubaki wazi, nazo hushambuliwa kwanza. Ndiyo maana idadi ya jumla ya CD4 yaweza kuonekana nzuri huku walinzi wa kifua kikuu wakiwa wamekwisha kupukutika.

Minyoo ya matende wilayani Kyela

Swali la pili lilihusu minyoo. Katika mradi wa EMINI, uliofuatilia wakazi wa maeneo ya Mbeya kati ya mwaka 2006 na 2011, wakazi wa Kyela walipimwa minyoo ya matende na VVU. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionesha maambukizi mapya 1.91 ya VVU kwa kila watu 100 kwa mwaka miongoni mwa wenye minyoo hiyo, dhidi ya 0.80 kwa wasiokuwa nayo. Uhusiano si lazima uwe chanzo. Hata hivyo, watafiti waliona njia inayowezekana: minyoo huziamsha seli za CD4, na seli iliyoamshwa huambukizwa VVU kwa urahisi zaidi. Mtanzania Mkunde Chachage na wenzake walilichunguza jambo hilo kwa minyoo mingine pia, kabla na baada ya dawa, na kuchapisha matokeo mwaka 2014.

Mtoto asiyetoa makohozi

Mtoto mdogo hawezi kukohoa makohozi ya kutosha kupimwa, na mzazi huweza kuzunguka naye vituoni wiki nyingi bila jibu. Seli zilezile za CD4 zilifungua njia. Viini vya kifua kikuu vinapolala mwilini, seli zinazovitambua hubeba alama iitwayo CD27. Ugonjwa unapokuwa hai, alama hiyo hupotea. Kipimo cha damu kilichojengwa juu ya jambo hilo kilijaribiwa kwa watoto wa Tanzania, wakiwamo wa Mbeya. Mwaka 2014 iliripotiwa kuwa kiliwatambua watoto 15 kati ya 18 ambao ugonjwa wao ulikuwa umethibitishwa kwa kuotesha vimelea. Kikwazo ni kwamba kinahitaji mashine ya kuchambua seli, ambayo haipo katika kila zahanati.

Maana yake kwetu

Mwenye VVU asisubiri CD4 zishuke ndipo aanze dawa. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani hushauri kila aliyegundulika aanze matibabu bila kujali idadi yake. Achunguzwe kifua kikuu katika kila hudhurio la kliniki na, asipokuwa nacho, apewe dawa ya kukikinga. Dawa za matende na minyoo zinapogawiwa kijijini, zimezwe hata na wasiovimba miguu, kwa kuwa wengi wenye minyoo hiyo hawana dalili. Maarifa haya yalitoka katika damu ya wananchi waliokubali kutobolewa mkono mwaka baada ya mwaka. Ni haki yao kuyapata kwa lugha wanayoielewa.