Fumbo la "3 au 5": Hisabati kwa Wapenda Lugha

Wanafunzi wetu wengi wa Kiswahili huiaga hisabati mara wamalizapo kidato cha nne, wakiamini kwamba haiwahusu tena. Tunaona wanajipunja. Njia mojawapo ya kuirudia kwa kujiburudisha ni mafumbo ya Project Euler, yaliyoanzishwa na Colin Hughes mwaka 2001 na kupewa jina la mwanahisabati Mswisi, Leonhard Euler (1707-1783). Mtu hupewa swali fupi, huandika programu ya kompyuta, kisha hutoa jibu ambalo ni namba tu.

Fumbo la kwanza lataka jumla ya namba zote chini ya 1000 ambazo ni vigawe vya 3 au 5. Hapa mwanalugha ana kazi. Kigawe si kigawo: 15 ni kigawe cha 3, ilhali 3 ni kigawo cha 15. Irabu moja ikikosewa, programu hutafuta kitu kingine kabisa.

Kisha kuna neno "au". Muuza nguo wa Owino, kando ya uwanja wa Nakivubo, akikwambia kwa bei hii utapata shati au suruali, usithubutu kuondoka na vyote viwili! "Au" ya hisabati haina ukali huo: 15 ni kigawe cha 3 na pia cha 5, nayo imo, ila huhesabiwa mara moja tu. Tujaribu chini ya 20. Vigawe vya 3 (3, 6, 9, 12, 15, 18) vina jumla ya 63. Vya 5 (5, 10, 15) vina 30. Pamoja ni 93, lakini 15 imeingia kotekote. Tukiitoa mara moja, twapata 78.

Kompyuta huzipitia namba zote 999 kufumba na kufumbua. Utamu, kwa maoni yetu, ni kuiweka kando. Vigawe vya 3 chini ya 1000 viko 333. Zidisha 333 kwa 334, gawa kwa 2, upate 55,611. Mara 3 ni 166,833. Kwa njia hiyohiyo 5 yatoa 99,500 na 15 yatoa 33,165. Basi 166,833 + 99,500 − 33,165 = 233,168.

Tangu Serikali ya Uganda iamue mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, mwalimu wetu ataulizwa maneno haya na wenzake wa hisabati. Ajiandae kwa fumbo la tatu: kigawo tasa kikubwa kabisa cha 600,851,475,143.