Kinanda kikianza vituko, usikimbilie fundi kwanza

Mkesha wa matanga ulikuwa Rongo, kaunti ya Migori. Tulitoka Homa Bay na matatu iliyojaa spika, ngoma na watu, kinanda changu nimekipakata kama mtoto. Saa nne usiku jenereta ikawashwa. Nikapiga noti ya kwanza, jamaa wa orutu akaniangalia kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Omera, kinanda chako kimelewa?"

Kila noti ilikuwa juu kidogo. Ingekuwa juu kwa noti nzima ningehamisha vidole tu, lakini hii ilikuwa imekwama katikati ya noti mbili. Jamaa akakaza waya wa orutu mara mbili, mwimbaji naye akawa anatafuta sauti kama anayetafuta ufunguo gizani. Asubuhi jaduong' aliyetukodi alinikata nusu ya malipo. Sikubishana.

Jumatatu nikakipeleka kwa fundi. Alikiwasha, akatikisa kichwa. "Bodi imeungua, kijana. Leta elfu nane." Sikuwa nazo, na leo nashukuru sikuwa nazo.

Wiki hiyo hiyo dada mmoja anayepiga kinanda kanisani Migori mjini aliomba akione. Akafungua mipangilio, akafika palipoandikwa TUNING. Kioo kilisoma 453. Kawaida ni 440, yaani noti ya La itikisike mara 440 kwa sekunde, na hapo ndipo ala nyingi duniani hukubaliana. Akabonyeza + na − kwa pamoja, namba ikarudi 440.

"Ndugu yangu, hiki hakijaharibika. Kimeguswa tu."

Nikakumbuka watoto waliokuwa wakikichezea mchana ule chini ya hema. Kinanda changu huhifadhi mpangilio huo hata ukikizima, ndiyo maana kuzima na kuwasha hakukunisaidia.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu. Ufuate kabla ya shoo, na zaidi kabla ya kununua kinanda cha mtumba. Ohangla ya siku hizi inategemea sana kinanda, na kikikwama, bendi nzima inaaibika.

Anza na umeme. Kinanda kikikataa kuwaka, weka betri. Vingi vidogo hutumia sita. Kikiwaka, shida iko kwa adapta. Usiazime adapta yoyote tu kwa sababu imeingia. Yamaha nyingi za bei nafuu hutaka volti 12 na chanya iwe katikati ya plagi, ilhali Casio nyingi za zamani hutaka volti 9 na hasi ndiyo iwe katikati. Soma mchoro mdogo ulio karibu na tundu. Na jenereta ya matangani ikiwa inapanda na kushuka, chomeka kinanda mwisho, baada ya mashine kutulia.

Piga wimbo wa DEMO. Huu ndio mtihani unaookoa pesa. DEMO ikisikika lakini vibao viko kimya, spika na amplifaya ni nzima. Angalia kama LOCAL imezimwa. Mpangilio huo hukata vibao visitoe sauti ndani ya kinanda chenyewe, na hutumika mtu akiwa ameunganisha kompyuta kwa MIDI. DEMO nayo ikiwa kimya, chomeka hedifoni na kuichomoa mara kadhaa. Kipande cha chuma ndani ya tundu hilo hukwama, kinanda kikadhani hedifoni bado zipo.

Pita kila kibao. Anza kushoto hadi kulia, vyeupe na vyeusi, kwanza polepole, halafu kwa nguvu. Kwenye kinanda kinachohisi nguvu ya kidole, chini ya kila kibao kuna raba yenye migusano miwili, na kinanda hupima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Mmoja ukishika uchafu, noti hupiga kelele ghafla au hunyamaza kabisa. Kwetu uchafu haukosi: vumbi la murram upande wa Migori, na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku huku Homa Bay.

Zungusha kila kinachozunguka. Sogeza nobu ya sauti taratibu. Ikikwaruza, ni vumbi ndani, na dawa ya kusafishia migusano ya umeme huimaliza mara nyingi. Usipulize mafuta ya kulainisha bawaba za mlango. Gurudumu la PITCH BEND ukiliachilia lazima lirudi katikati lenyewe, na noti irudi nalo.

Pedali. Sauti zikining'inia bila wewe kukanyaga, zima, ondoa mguu, washa tena. Vinanda vingi hukagua pedali wakati wa kuwaka. Ukiwa umeikanyaga wakati huo, kazi yake inageuka.

Yote yakishindikana, kuna kurudisha mipangilio ya kiwandani. Kwenye Yamaha nyingi za PSR-E unashikilia kibao cheupe cha mwisho kulia huku ukiwasha. Lakini chunga: ukiongeza vile vyeusi vitatu vya mwisho, unafuta na mafaili uliyopakia. Wengi wetu tumepakia mapigo ya ohangla na benga kutoka kwa flashi. Ukiyafuta Ijumaa, Jumamosi utapiga nini?

Sisemi mafundi wote ni wezi. Bodi huungua kweli, na ukisikia harufu ya kuungua au kioo kikikataa kabisa kuwaka hata kwa betri, mpelekee anayejua. Ila nenda ukijua umeshajaribu nini, na umwambie hivyo kabla hajataja bei.

Juzi tulikuwa Ndhiwa. Nilifika mapema, nikapita vibao vyote kabla hema halijajaa. Jamaa wa orutu akacheka, "Omera, unakipima presha?" Nikamwonyesha plasta niliyobandika juu ya kioo, imeandikwa kwa kalamu: 440.

Usiku ule alikaza waya mara moja tu.