Kamba ya Mjerumani iliyoteremsha msitu

Sisi wa Bariadi tumezoea tambarare. Pamba huku, ng'ombe kule, na treni ukiitaka mpaka uifuate Malampaka. Kwa hiyo niliposikia kwamba Wajerumani waliwahi kupitisha magogo angani kule Usambara, nikasema hapa nafungwa kamba mchana kweupe!

Kumbe kamba ilikuwepo kweli, tena ya chuma.

Likizo iliyopita nikaenda na mshkaji wangu, muuza chuma chakavu. Tukashuka Mkumbara, kituo cha reli mbele kidogo ya Mombo kama unaelekea Moshi. Tukampa shikamoo mzee mmoja wa Kisambaa, naye akatuonyesha mlima uliosimama kama ukuta. "Wajukuu zangu, mali ilishukia hapo."

Mambo yalikuwa hivi, msomaji. Juu kule Shume, wakati huo Neu-Hornow, kulijaa mwangati, mti wa kutengenezea penseli. Kampuni ya Wilkins & Wiese ikautolea macho. Kabla ya vita ya 1914 ikajengewa njia ya waya ya kilomita 9 hivi, kutoka msituni hadi relini. Mafundi walikuwa Adolf Bleichert wa Leipzig. Mzigo ukishuka, uzito wake unasaidia kuvuta kigari kitupu kupanda. Ujanja mtupu!

Bleichert haohao walijenga njia ya waya ya mgodi wa La Mejicana, kule Chilecito, Argentina, iliyofunguliwa 1905. Hiyo ni kilomita 35, ikiteremsha mawe ya dhahabu kutoka milima ya Famatina. Kazi ilikufa zamani, lakini 1982 njia ile ikatangazwa kumbukumbu ya taifa. Leo watalii wanakwenda kushangaa nguzo zake.

Kwetu je? Tulipanda jasho chapachapa, tukakuta msingi wa saruji umemezwa na vichaka. Kibao sikukiona. Mshkaji akapekuapekua majani kwa kiatu, akaguna: "Hapa palishavunwa."

Mzee akamtazama. "Msitu waliuza wao. Kumbukumbu mnauza ninyi."

Mshkaji kimya, kama kamwagiwa maji.

Vijana wenzangu, kibao kimoja na njia iliyofyekwa vingetosha kumpa kijana wa Mkumbara kazi ya kutembeza wageni. Kilo ya chuma unaiuza mara moja tu, basi. Hadithi yake unaiuza kila siku, na bado unabaki nayo.